Umeme Upitao na Umeme Ushukao

Kewanja ni kijiji cha wilaya ya Tarime, mkoani Mara, katika nchi ya Wakurya, karibu na mto Mara ambao ng'ambo yake ni wilaya ya Serengeti. Jirani yake yapo mashimo ya dhahabu ya North Mara, mgodi ulioanza uzalishaji wake mwaka 2002. Habari za mgodi huo, ardhi yake na fidia yake zimeandikwa na wengi, na hapana shaka zitaandikwa tena. Katika insha hii nataka kuuliza jambo moja ambalo kwa sura laonekana kuwa la mafundi peke yao, lakini kwa hakika ni jambo la historia. Umeme hutokaje penye maporomoko ya maji ukafika mahali pa mbali kama hapa? Na kwa nini, katika Afrika ya Mashariki, aghalabu umefika kwenye kinu cha mwenye mali kabla ya kufika kwenye taa ya mwanakijiji?

Wako wanaojibu ya kuwa ndiyo tabia ya umeme: ni kitu cha gharama, hupenda palipo na kazi kubwa, na kijiji kidogo hakina budi kungoja. Wako wengine wanaojibu ya kuwa tabia ya umeme haihusiki hata kidogo, bali ni upendeleo wa wenye nguvu. Kila upande umeshika nusu ya ukweli. Ili tujue mpaka uliopo baina ya nusu hizo mbili, yatupasa kwanza tuijue kanuni yenyewe, kwa sababu asiyejua kanuni ni rahisi kuambiwa kwamba jambo haliwezekani, naye akasadiki.

Maneno ya msingi ni matatu: msukumo, mkondo na ukinzani. Mkondo ni wingi wa umeme upitao katika waya kila sekunde, nao hupimwa kwa ampea, kwa heshima ya Mfaransa Ampère. Msukumo ni ile nguvu iusukumayo mkondo upite, nao hupimwa kwa volti, kwa heshima ya Mwitalia Volta aliyevumbua betri mwaka 1800. Ukinzani ni uzito wa waya wenyewe katika kuuzuia mkondo, nao hupimwa kwa omu, kwa jina la Mjerumani Ohm aliyeitangaza kanuni yake mwaka 1827. Msukumo ukizidishwa kwa mkondo, hupatikana nguvu, ambayo hupimwa kwa wati. Basi nguvu ile ile yaweza kupelekwa kwa njia mbili: kwa mkondo mkubwa wenye msukumo mdogo, au kwa mkondo mdogo wenye msukumo mkubwa.

Penye karatasi njia hizo mbili ni sawa. Penye waya si sawa hata kidogo. Mkondo upitapo katika waya huutia joto, na joto hilo ni nguvu iliyopotea njiani. Hasara hiyo haiongezeki kwa kadiri ya mkondo tu, bali kwa mkondo uliozidishwa kwa mkondo, kisha kwa ukinzani. Hebu tufanye hesabu. Tuseme twataka kupeleka megawati 10 kwa waya mbili ambazo ukinzani wake wote, kwenda na kurudi, ni omu 20. Tukitumia msukumo wa volti 10,000, mkondo utakuwa ampea 1,000, na hasara itakuwa megawati 20, yaani mara mbili ya nguvu tuliyotaka kuipeleka. Maana yake ni kwamba safari hiyo haiwezekani kabisa. Lakini tukiupandisha msukumo hata volti 100,000, mkondo utashuka hata ampea 100, na hasara itakuwa kilowati 200 tu, yaani sehemu 2 katika 100. Waya ni zile zile, na nguvu ni ile ile. Msukumo umezidishwa mara 10, na hasara imepungua mara 100.

Katika hesabu hiyo fupi imo karibu historia yote ya umeme duniani. Thomas Edison alipofungua kituo chake katika mtaa wa Pearl Street, New York, mwaka 1882, alitumia mkondo mnyofu wa volti kama 110. Msukumo huo haukuweza kwenda mbali. Nuru yake iliishia katika mitaa ya jirani. Kuupandisha mkondo mnyofu msukumo wake, kisha kuushusha tena kwa usalama, hakukuwa na njia rahisi wakati huo. Njia ilitoka kwa ugunduzi wa Faraday wa mwaka 1831, ya kuwa sumaku inayobadilika huamsha umeme katika waya uliyo karibu nayo. Juu ya msingi huo wahandisi watatu wa Budapest, Zipernowsky, Bláthy na Déri, walitengeneza mwaka 1885 chombo tukiitacho transfoma. Chombo hicho hakina gurudumu wala mkono utembeao. Ni chuma kilichozungushiwa nyaya mbili mbalimbali, na hesabu ya mizunguko yake ndiyo iamuayo msukumo upande au ushuke. Sharti lake ni moja: mkondo uwe wa kugeuka-geuka, kwenda na kurudi mara nyingi kila sekunde. Katika nchi zetu hugeuka hivyo kwa mizunguko 50 kila sekunde.

Mwaka 1891 kanuni hiyo ilijaribiwa mbele ya macho ya watu. Nguvu ya maji ya Lauffen ilipelekwa hata maonyesho ya Frankfurt, masafa ya kilomita 175, kwa umeme wa fezi tatu, yaani mikondo mitatu inayofuatana kwa zamu kama watu watatu watwangao katika kinu kimoja bila michi yao kugongana. Kiasi cha robo tatu ya nguvu ilifika. Tangu siku hiyo masafa yaliacha kuwa udhuru. Aliyekuwa na transfoma mbili, moja ya kupandisha na moja ya kushusha, aliweza kuuweka umeme mahali popote alipopenda. Naliomba neno hili, "alipopenda", likumbukwe, kwa kuwa ndilo tutakalorudi kwalo.

Tuje sasa katika pwani yetu. Historia ya kampuni ya umeme ya Kenya yasimulia kwamba Seyyid Barghash wa Unguja alinunua mtambo wa kuwashia taa za jumba lake na njia za karibu, na kwamba mwaka 1908 mtambo huo ulichukuliwa na mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee wa Mombasa, ikazaliwa kampuni ya kuuza umeme kisiwani humo. Mwaka huo huo wa 1908 Wajerumani waliwasha umeme wa kwanza wa matumizi ya watu Dar es Salaam. Nao ulihudumia karakana za reli na ile sehemu ya mji walimokaa wakubwa wa serikali. Katika mwanzo huo umeme ulikuwa kama kisima kilichochimbwa ndani ya ua: ulizaliwa karibu na mwenyewe, ukatumika karibu na mwenyewe. Hata mwenyeji wa mji huo hakuwa mbali nao kwa maili, bali kwa cheo.

Waingereza walipoishika Tanganyika waliiweka kazi hiyo chini ya idara ya serikali mwaka 1920, kisha mwaka 1931 wakaikabidhi kwa makampuni mawili ya watu binafsi. Moja, DARESCO, lilishika Dar es Salaam na miji mingine iliyoendeshwa kwa mitambo ya kuchoma mafuta. La pili, TANESCO, lilianzishwa kwa ajili ya maporomoko ya mto Pangani, kwa shabaha ya kuuza nguvu katika nchi ya Tanga na hata Kenya. Hapa ndipo kanuni ya masafa ilipoanza kufanya kazi katika nchi yetu. Maporomoko hayahami, kwa hiyo nguvu yake sharti isafiri. Ilisafiri ikaufikia mji wa Tanga na mashamba ya mkonge, ambako mitambo ya kukamua nyuzi ilikuwa ikinguruma mchana kutwa. Vijiji vya wenyeji na kambi za manamba vilikuwa katika njia hiyo hiyo, lakini kampuni la faida hupeleka transfoma kwa mteja anayelipa.

Mfano mkubwa zaidi ulionekana Uganda. Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954, na mwaka 1958 nguvu yake ilianza kuuzwa Nairobi kwa njia ya kilovolti 132. Nuru ikavuka mpaka wa nchi, huku vijiji vingi vya Busoga vikikaa gizani miongo mingi baadaye. Lakini mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Kongo. Katika miaka ya 1980 mwanzoni, serikali ya Mobutu ilikamilisha njia ya umeme kutoka Inga, karibu na bahari, hata Kolwezi katika nchi ya migodi ya shaba, masafa ya kilomita 1,700 hivi. Njia hiyo iliendeshwa kwa mkondo mnyofu wa msukumo mkubwa sana, kwani kufikia wakati huo ufundi ulikuwa umepata namna ya kuupandisha mkondo wa namna hiyo, kwa vituo vikubwa vya kugeuzia vilivyowekwa katika miisho miwili ya njia. Kwa masafa marefu hasara yake ni ndogo, na kwa fundi ni kazi ya kustahili sifa. Walakini mkondo mnyofu haushuki kwa transfoma. Atakaye kuuteremsha katikati ya safari sharti ajenge kituo kizima cha kugeuzia, na gharama yake hakuna kijiji kiwezacho kuibeba. Hivyo njia ile ilipita juu ya nchi nzima bila kugusa chini, kutoka kwenye maji hata kwenye shaba. Hapo kanuni ya ufundi na matakwa ya dola vilishikana mkono, hata mtazamaji asiweze kusema upesi kipi kilichomtangulia mwenzake.

Tanganyika ilipopata Uhuru iliona kwamba nguvu haiwezi kuachwa katika mikono ya wenye hisa. Mwaka 1964 serikali ilinunua makampuni yote mawili, na baadaye likabaki shirika moja lenye jina la TANESCO. Mwaka huo huo mtambo wa Hale ulianza kazi, megawati 21. Kazi kubwa kuliko zote ikawa Kidatu, katika mto Ruaha Mkuu, uliofunguliwa kwa awamu mwaka 1975 na 1980, hata ukafika megawati 204. Kutoka hapo njia ya kilovolti 220 ilikwenda Dar es Salaam. Zamani hizo Mwanza na Musoma ziliwashwa kwa injini za dizeli, kila mji na moshi wake. Miaka ya 1980 ilipokuwa ikielekea kwisha, njia ndefu iliunganishwa: Kidatu, Iringa, Mtera, Dodoma, Singida, Shinyanga, Mwanza, na kutoka Mwanza ikaendelea kwa kilovolti 132 hata Musoma. Masafa yote yapita kilomita 1,000.

Urefu huo ulileta taabu ya namna nyingine, ambayo msomaji asiye fundi aghalabu haambiwi. Mota za vinu, pampu na mashine za kusagia mawe hudai mkondo wa aina mbili: mkondo ufanyao kazi, na mkondo usiofanya kazi ila kuishika sumaku ya mota. Mkulima wa Tarime alimaye kwa plau ajua jambo hili bila kusoma kitabu. Ng'ombe akivuta kwa kuelekea upande, sehemu ya nguvu zake hailisogezi plau mbele, lakini mnyororo hubeba uzito wa yote. Ndivyo na waya: mkondo usiofanya kazi hauhesabiwi katika faida, walakini huchukua nafasi, huongeza joto na huuvuta msukumo chini. Katika njia ya kilomita 1,000 volti za mwishoni hulegea jioni watu wanapowasha kila kitu, na usiku wa manane, mzigo ukiwa mwepesi, hupanda kupita kiasi. Ndiyo sababu fundi hufunga vyombo vya kusawazisha karibu na mzigo wenyewe, na ndiyo sababu iliyoifanya Tanzania ijenge njia mpya ya kilovolti 400 kutoka Iringa hata Shinyanga, kilomita 670, iliyokamilika mwaka 2016. Kwa muda mrefu Kanda ya Ziwa ilikuwa mwisho wa mstari, na akaaye mwisho wa mfereji huyajua machungu ya kila atekaye juu yake. Mvua zilipokosekana na mabwawa yakashuka, kama mwaka 2006 na mwaka 2011, mgao uliingia nchi nzima.

Sasa twaweza kurudi Kewanja. Mgodi mkubwa wa dhahabu huhitaji nguvu kwa megawati: vinu vya kusaga mwamba, pampu za kutoa maji, na feni za kupeleka hewa chini ya ardhi. Vinu hivyo havilali usiku wala siku ya sikukuu. Kijiji nacho, kwa kawaida yake ya mwanzo, huwasha taa magharibi na kuzima wakati wa kulala. Wafanyabiashara wa umeme wana kipimo cha tofauti hiyo: huchukua nguvu iliyotumika siku nzima, wakailinganisha na ile ambayo ingetumika kama mzigo mkubwa kabisa wa siku hiyo ungeendelea saa zote 24. Tuseme mgodi wavuta megawati 10 saa zote. Kipimo chake ni kamili, 100 katika 100. Tuseme kijiji chavuta kilowati 100 kwa saa 5 tu. Kipimo chake ni kiasi cha 21 katika 100. Transfoma, nguzo na waya za kijiji hukaa bure karibu sehemu nne katika tano za uwezo wake. Hii ndiyo nusu ya ukweli iliyo mikononi mwa wale wa kwanza, wasemao kwamba ndiyo tabia ya umeme. Si uongo, ni hesabu.

Lakini hesabu hiyo ina ukurasa wa pili. Samuel Insull, aliyeshika uongozi wa kampuni la umeme la Chicago mwaka 1892, alitambua mapema kwamba kipimo cha mteja mmoja mmoja si kitu. Kitu ni kipimo cha wateja wote wakiunganishwa. Reli za mjini hudai nguvu asubuhi na jioni, viwanda mchana, nyumba usiku. Vilele vyao havigongani, na mtambo mmoja waweza kuwahudumia wote kwa uwezo mdogo kuliko jumla ya mahitaji ya kila mmoja. Kwa elimu hiyo alishusha bei, na kwa bei ndogo alipata wateja waliokuwa wakidharauliwa. Basi elimu ya umeme haikusema kamwe kwamba mdogo angoje. Ilisema kwamba mdogo akiunganishwa na mkubwa, wote wawili hufaidika, kwa kuwa njia ndefu na ya gharama imekwisha kulipiwa na yule mzigo usiolala, na lililosalia ni transfoma ya kushushia na nguzo chache.

Hapo ndipo tunapouona mpaka tulioutafuta. Kwamba umeme lazima upande ili usafiri, hiyo ni kanuni, na haibadilishwi na serikali wala na kampuni. Kwamba lazima ushushwe ili utumike, hiyo nayo ni kanuni. Lakini ushuke wapi na kwa nani, hakuna kanuni ya Ohm wala ya Faraday iamuayo. Watu ndio waamuao, ndani ya ofisi, kwa kalamu. Udhuru wa masafa ulikwisha mwaka 1891. Uliobaki ni udhuru wa gharama, na gharama ni jambo la kugawana.

Ushahidi wa maneno haya umetokea katika nchi yetu wenyewe. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini ukaanza kazi mwaka 2007, wakati vijiji vyenye umeme Tanzania Bara vilipokuwa vichache sana, kama 500 hivi. Mwaka 2025 serikali ilieleza kwamba vijiji vyote 12,318 vimefikiwa, na kazi iliyosalia ni ya vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000. Ada ya kuunganishwa kijijini iliwekwa shilingi 27,000. Kanuni za umeme hazikubadilika katika miaka hiyo 18, wala mito haikuongezeka. Kilichobadilika ni uamuzi wa nani agharamie ule mshuko wa mwisho.

Walakini, kufikiwa ni neno pana. Njia nyembamba ya waya mbili huwasha taa, redio na simu, na hayo si madogo kwa mtoto asomaye usiku. Lakini mashine kubwa ya kusaga mahindi, kiwanda cha maziwa, au karasha ya mchimbaji mdogo apondaye mawe, hudai mota yenye nguvu, na mota ya namna hiyo hupenda umeme wa fezi tatu, ambao huizungusha kwa ulaini bila kuishtua. Kijiji kilichopewa fezi moja kimepewa nuru. Kilichopewa fezi tatu kimepewa kazi. Na kijiji chenye kazi ya mchana huacha kuwa ule mzigo duni wa saa tano tulioutaja: kipimo chake hupanda, transfoma yake huacha kulala, na ile hesabu iliyokuwa ikikikataa huanza kukitetea. Umaskini wa matumizi, ambao umetajwa siku zote kuwa sababu ya kukinyima kijiji umeme, kwa sehemu kubwa ni matokeo ya kunyimwa kwenyewe.

Kwa hiyo wazee na vijana wa Kewanja, na wa kila kijiji kilicho kando ya mzigo mkubwa, wanapokaa na wahandisi mezani, wasiishie kuuliza kama umeme utakuja. Waulize utakuja kwa fezi ngapi, kwa transfoma ya uwezo gani, na ni nani atakayeibadilisha ikiungua. Haya si maswali ya ufundi mtupu. Katika masafa ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Ruaha Mkuu hata Mara, asili imetawala karibu safari yote. Ila ile hatua ya mwisho, kutoka juu ya nguzo hata mlangoni pa nyumba, haikutawaliwa na asili kamwe. Hiyo ni hatua ya binadamu, nao watakaohesabiwa kwayo ni binadamu.